Risala ya klabu ya ukutubi kwa mgeni rasmi: video za maktaba yetu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wanachuo wenzetu, shikamooni wakubwa wote. Sisi ni klabu ya wanafunzi wa ukutubi, na tunakushukuru sana kwa kuja, tunajua una mambo mengi.

Wengi wanategemea tuombe vitabu na viti, leo tunaomba habari ya video. Mheshimiwa, zamani maktaba ikinunua DVD ni yake, inawekwa shelfu, inaazimishwa mpaka ichakae yenyewe. Siku hizi laptop nyingi hazina hata pa kuiingiza na makampuni yamehamia kwenye strimingi, yaani kuangalia filamu mojamoja kwa moja mtandaoni bila kuwa na kopi yako, kwahiyo maktaba mara nyingi hainunui tena filamu, inakodi leseni ya mwaka mmoja au mitatu, ikiisha na hela hakuna basi video inaondoka hata kama mwalimu ameshaiweka kwenye kozi ya muhula huohuo.

Mfano mzuri ni Kanopy, huduma ya filamu mtandaoni inayolipiwa na maktaba, ilianzia Australia 2008 ikaenea vyuo vingi vya Marekani. Mwanafunzi anakuta maelfu ya filamu, anabonyeza anayotaka, halipi kitu. Kumbe kwenye mpango wao uliozoeleka miaka ile filamu moja ikishafunguliwa mara nne, na ukiangalia sekunde 30 tu ishahesabika, chuo kilikuwa kinadaiwa leseni kama dola 150 kwa mwaka, na hiyo ni filamu moja! Wanafunzi hawana habari, wanafungua tu, bili inapanda, mwisho wakutubi wa vyuo kadhaa wakabana, ukitaka filamu mpaka uombe. Hata maktaba za umma za New York, Brooklyn na Queens zilijitoa Julai 2019 kwa ajili ya gharama. Sasa kama wale wenye bajeti zile walishindwa, sisi tukiingia kichwakichwa itakuwaje jamani.

Mheshimiwa hatusemi strimingi ni mbaya, tunaitaka kwa moyo wote. Mwenzetu asiyesikia vizuri anasoma maandishi chini ya picha, anayesoma uuguzi anarudia kipande kimoja cha kufunga kidonda mpaka kikae kichwani, na darasa zima linaangalia kwa wakati mmoja bila kugombania kopi moja. Tunachotaka ni kuingia kwa akili. Vyuo vyetu tayari vina umoja wa maktaba, COTUL, ambao unasaidia kupata majarida ya mtandaoni kwa pamoja, tunaomba utusemee huko juu ili na video zijadiliwe kwa njia hiyohiyo, na kila mkataba uulizwe swali moja mapema, leseni ikiisha tunabaki na nini?

La pili ni seva, yaani kompyuta kubwa ya kuhifadhia, ya hapahapa chuoni. Video tulizopewa haki ya kuzihifadhi zikae humo, mwanafunzi aangalie kwa waifai ya chuo bila kuunguza bando lake, na zionekane kwenye katalogi ukitafuta kama kitabu. Humo pia ziingie za kwetu wenyewe, mihadhara, mazoezi ya maabara, wazee wakisimulia historia ya hapa kwa ridhaa yao. Hizo hakuna wa kuja kutufungia.

Kazi ya kurekodi na kuziorodhesha tutaifanya sisi wanaklabu, tupo tayari hata kesho, kilichokosekana ni seva na kamera moja nzuri.

Tunaomba kuwasilisha.