Kwa dada wa kituo cha Mwenge

Dada uliyevaa dera la kijani, Jumamosi jioni pale Mwenge: mfuko nilioacha kwenye siti ya daladala ulikuwa na vitabu vitatu vya watoto, vya bustani, mbegu na wadudu. Ulishuka, ukanikimbilia kwenye mvua, ukanikabidhi, ukapotea kabla sijakuuliza jina. Na nauli ya gari la pili ulilipa mwenyewe!

Mwanangu ameshapanda kunde kwenye kopo la rangi tulilolitoboa chini. Siku ya tano zikachomoza. Sasa hataki nimwagie konokono chumvi, na nyungunyungu anawaita "wakulima wenzangu", eti kitabu kimesema wanalainisha udongo. Mimi bado nawaogopa. Asante sana, dada yangu. Kunde zako zipo.