Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Klabu Yetu ya Jogging, Morogoro

Ndugu wanachama,

Nawashukuru ninyi 24 mliofika. Kwenye daftari tupo 64. Tangazo la mkutano lilitoka wiki 3 kabla, na bado tumekaa saa nzima tukisubiri akidi itimie. Hili limeniumiza na sitalificha.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumekimbia kila Jumamosi kutoka Uwanja wa Jamhuri hadi Bigwa na kurudi, tumefanya usafi mara 2, na wenzetu 9 walikwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon wakamaliza wote. Tulianza mwaka na shilingi 640,000. Ada zilizotarajiwa ni 3,840,000, zilizolipwa 1,915,000. Mazishi ya mzee wetu aliyeshika daftari la mahudhurio yalichukua 1,270,000, mengineyo yote 865,000, na benki zimebaki 420,000. Mweka hazina anazo risiti, anayetaka azikague.

Sasa niingie kwenye neno linalosemwa pembeni, kwamba mwenyekiti amekula jezi za watu.

Ni kweli fedha zilitengwa kwa ajili ya jezi. Ni kweli pia katiba yetu inataja rambirambi ya 200,000 tu mwanachama anapofariki. Tuliitoa hiyo, kisha tukaongeza jeneza 380,000, gari la kutupeleka Matombo na kurudi 450,000, na chakula cha waombolezaji 240,000, maana akiba ya familia ilikuwa imeishia kwenye matibabu. Wajumbe 5 kati ya 7 wa kamati walikubali usiku ule ule, na saini iliyotoa hela ni yangu. Siukimbii uamuzi huo, na ningerudishwa kwenye usiku ule ningesaini tena.

Wapo walioniuliza, kwani alikuwa nani hata azikwe hivyo? Wengi mmeingia juzi, hivyo nitasema.

Mzee wetu alikuwa karani wa masjala mwenye miaka 32 Mwalimu alipolitangazia taifa, tarehe 2 Novemba 1978, kwamba Amin ametuvamia. Alikuwa amepitia mgambo, akachukuliwa. Walifika Kyaka, kwenye mto Kagera, daraja likiwa limekwisha kuvunjwa. Alivuka Mutukula, akapita Masaka, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwamo. Sikio lake la kushoto lilibaki huko, kwa kukaa karibu na mitambo ile ya roketi ambayo Waganda waliiita Saba Saba. Ndiyo maana ukimsalimia kwa upande huo alikuwa haitikii, na wapo waliodhani ana majivuno.

Mnakumbuka kwenye mchakamchaka, zikianza zile nyimbo za kumkejeli Amin, yeye alinyamaza akaendelea kukimbia tu. Nilimuuliza mara moja. Akaniambia, "Mwenyekiti, mto ule naujua." Sikumuuliza tena.

Alirudi masjala akakalia kiti kile kile, akahudumia majalada ya watu miaka 27 mpaka alipostaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Miaka 2 baadaye daktari akamwambia presha imepanda, atembee. Mimi ndiye niliyemkuta alfajiri pale uwanjani, amevaa raba za turubai, anahesabu mizunguko kwa kuhamisha punje za mahindi kutoka mfuko huu kwenda ule. Mimi ndiye niliyemleta klabuni, na hilo naomba liingie kwenye kumbukumbu. Akiwa na miaka 66 alikimbia kilomita 21 za Kilimanjaro, ile njia ya kupanda kuelekea Mweka, kwa saa 2 na dakika 48. Alipenda kutusimulia habari za Fauja Singh, aliyemaliza marathon ya Toronto mwaka 2011 akiwa na miaka 100, na alisema yeye bado kijana. Ametuacha akiwa na miaka 78, na Jumamosi mbili kabla ya kulazwa alikuwa nasi Bigwa.

Kwa miaka 16 ndiye aliyeshika daftari la mahudhurio, kurasa zimepigwa namba kwa mkono kama jalada la serikali. Nilipokabidhiwa nilikuta karatasi ndani yake. Wanachama 7 walikuwa wamelipiwa ada na yeye, kutoka kwenye pensheni, bila kumwambia mtu. Sitawataja. Lakini wawili kati yao ni wale wanaoniuliza habari za jezi kwa sauti kubwa kuliko wote, na jambo hili limeninyima usingizi.

Daftari hilo hilo linaonyesha kuwa Jumamosi za mwanzo wa mwaka tulifika wastani wa watu 31. Tangu tumzike, ni 14. Wanaodaiwa ada ni 41. Jezi hazinunuliwi kwa manung'uniko, ndugu zangu.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata jezi, labda na mfadhili, na ikiwezekana baadhi yetu tufike Kaboya, mkoani Kagera, kwenye makaburi ya askari wa vita vile, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tuwaone wenzake waliolala kule. Kamati italitazama.

Naomba mkutano uridhie matumizi ya mazishi. Daftari lipo hapa mezani. Kuanzia ukurasa wa 212 mwandiko ni wangu. Kabla hamjatoka, kila mmoja apite asaini.

Naomba kuwasilisha.