Mwaka wa pili usiwashinde: harambee ya wanafunzi wetu wa uandishi wa habari

Ndugu zangu, wazazi wetu, vijana na marafiki wote wa kikundi, salamu sana. Naandika kwa niaba ya kamati ya elimu na leo nitaandika kirefu, naomba mnivumilie, maana tukiweka tu ile mistari mitatu ya "tunaomba mchango wenu" mtu anatuma kwa kutuhurumia halafu basi, na sisi tunataka kila anayechanga ajue hela yake imeenda kufanya nini na kwa nini inahitajika saa hizi.

Tuna vijana wanne chuoni wanaosoma mawasiliano na uandishi wa habari, ile digrii ya miaka 2. Wote wamemaliza mwaka wa kwanza na wamefaulu, matokeo yao kamati tumeyaona kwa macho. Harambee hii ni ya mwaka wa pili, yaani ni ya kumalizia, si ya kuanzia.

Mnajua inavyokuwaga. Mtoto akipata barua ya chuo watu wanajaa, shangazi analeta chake, mjomba anaahidi, marafiki wa wazazi wanachanga, anasindikizwa kwa nyimbo na kila mtu anapiga picha naye. Mwaka unaisha, anarudi likizo, na hapo ukimwambia mtu tuchange tena anakuuliza, si tulishamchangia yule? Hakuna anayefanya sherehe ya kuingia mwaka wa pili. Na kwenye kozi hii mwaka wa pili ndo mzito kuliko wa kwanza, kwa masomo na kwa hela, kwa hiyo mwanafunzi anabaki na watu wachache kabisa pale pale anapowahitaji zaidi. Mimi naona kumwanzisha mtu halafu kumwachia katikati ni kumdhulumu, kwa sababu mwaka mmoja wa masomo ukiuweka mezani kwa mwajiri hauna uzito wa cheti kilichokamilika, na ile ada tuliyolipa mwanzo nayo inakuwa imepotea.

Ngoja nieleze kozi yenyewe ilivyo maana wengi wananiuliza. Miaka 2 kwa kawaida ni mihula 4. Kwa Marekani, ambako vyuo vya umma vya miaka 2 vipo tangu 1901 kilipoanza kile cha Joliet, digrii kama hii ina krediti (vipimo vya uzito wa masomo) kama 60, nusu ya zile 120 za shahada ya miaka 4, na nchi zingine masomo ya urefu huo yanaitwa diploma au stashahada. Mwaka wa kwanza ni msingi: kuandika vizuri, kuongea mbele za watu, utangulizi wa mawasiliano, historia ya vyombo vya habari, na masomo ya jumla kama hesabu ambayo wanafunzi wanayalalamikia sana lakini kwa kweli mwandishi asiyejua kusoma bajeti wala kupiga hesabu ya asilimia atadanganywa na kila anayemletea takwimu. Hapo mtu anaweza kujikongoja na daftari, simu yake na kompyuta za maktaba ya chuo.

Mwaka wa pili sasa ndo wanaanza kazi yenyewe. Sheria za vyombo vya habari, maadili, uhariri, redio, video, habari za mtandaoni, halafu fildi kwenye chumba cha habari. Asaimenti siyo tena insha, ni stori ya redio ya dakika 3 yenye sauti za watu tofauti, imekatwa vizuri, imehaririwa, imefika kabla ya dedilaini, na ukichelewa ndo umechelewa maana taarifa ya habari haimsubiri mtu.

Likizo hii nilikaa na mmoja wao, binti, akiwa anamalizia stori ya sauti, na nilichokiona ndo kimenifanya niandike hivi. Alikuwa amemhoji bibi mmoja kuhusu maji, wamekaa nje, upepo unavuma. Hana maiki, karekodi kwa simu, na hiyo simu kaivalisha soksi safi ili upepo usipige pale pa kunasia sauti. Kwenye spika ya simu ilisikika sawa tu, lakini alipoazima hedifoni akasikia muungurumo chini ya maneno yote, na pale bibi anaposema jambo lenyewe, kwamba maji yalikatwa zamani ila bili inaendelea kuja, upepo umemeza neno "bili" lote. Sentensi iliyobeba stori nzima haifai. Angeweza kulisema mwenyewe kwa sauti yake akaendelea, hakuna ambaye angemkamata, yeye akarudi kwa bibi kesho yake akamuuliza swali lile lile, hakumlisha maneno, akauliza akanyamaza akasubiri, na safari hii bibi alieleza vizuri zaidi na mwaka shida ilipoanza akautaja. Afu simu ikajaa. Sauti isiyobanwa, yaani ambayo faili lake halijapunguzwa ukubwa, inakula kama megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo mahojiano ya nusu saa ni megabaiti 300, na huyu mtoto ikabidi akae anafuta picha za nyumbani kwao moja moja ili apate nafasi ya kazi ya shule.

Moyo wa kazi anao, mmeona wenyewe. Kinachokosekana hapo ni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, kile kisponji cha kuzuia upepo, hedifoni za kuvaa wakati anarekodi ili kosa alisikie bibi akiwa bado mbele yake, na memori kadi. Siyo vitu vya anasa. Kamati tumekubaliana vinunuliwe kwa jina la kikundi na vibaki vya kikundi, wanne hawa wavitumie kwa zamu, wakimaliza virudi vikaguliwe vipewe wanaofuata. Pamoja na hivyo tunataka laptopu 2 za kushirikiana. Programu hatuombi hela, Audacity ya kukatia sauti ni ya bure na DaVinci Resolve ya video ina toleo la bure kabisa, ila programu ya video inataka mashine yenye nguvu, RAM (ile kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 16 hivi ndo unafanya kazi bila kukwama, na hizi laptopu zetu za kuandikia barua ukizifungulia video zinaganda.

Halafu kuna fildi, hapa naomba msome kwa makini kwa sababu ndo wengi wanapoangukia. Chuo kinamtaka mwanafunzi akakae chumba cha habari kwa wiki kadhaa, anafanya kazi kama wengine, anatumwa huku na huku, na vyumba vingi vya habari havimlipi mwanafunzi chochote. Nauli yake, kula yake, bando lake, na kama kituo kiko mbali na anapolala basi na pa kulala. Mwenye hela nyumbani anaenda kituo kikubwa, asiye nayo anaenda pale nauli inapofika hata kama hakuna wa kumfundisha, au anaahirisha, na ukiahirisha fildi kumaliza nako kunaahirika. Na kule ndo anakopata kazi zilizotoka kweli, zenye jina lake, za kuonyesha siku akitafuta ajira. Mhariri hakuulizi sana ulipata gredi gani, anakuuliza umefanya nini nione.

Sasa lile swali ambalo limeulizwa kwenye kikao na najua wengine mnalo moyoni: siku hizi kila mtu ana simu, kila mtu anaposti, mtu akasomee nini miaka 2? Najibu kwa mfano tunaoujua wote. Picha ya mafuriko inaingia kwenye grupu, watu wanaanza kulia na kusambaza. Aliyefundishwa hasambazi kwanza. Anaitafuta ile picha mtandaoni aone ilionekana mara ya kwanza lini, maana nyingi zinakuwa za miaka ya nyuma na za nchi nyingine kabisa, anaangalia vibao vya maduka vimeandikwa lugha gani, namba za magari, magari yanapita upande gani wa barabara, hali ya hewa ya siku hiyo ilikuwaje, halafu anampigia mtu aliyeko pale pale kwenye eneo. Hiyo ni dakika 20 za kazi na inaokoa watu wasihame nyumba zao usiku bure. Anajua pia kwamba jina la mtoto aliyefanyiwa ukatili haliandikwi, na ukimtaja mtu kwa wizi bila ushahidi unaweza kushtakiwa kwa kumchafulia jina, wewe na chombo chako, na mtuhumiwa lazima apewe nafasi ya kujibu kabla habari haijatoka na siyo baada. Mambo haya hayaji na simu.

Na kusema eti zamani waandishi hawakusoma, ni kweli wengi walijifunzia magazetini, ila hata hao waliona haitoshi. Chuo Kikuu cha Missouri huko Marekani kilifungua shule ya uandishi wa habari 1908, aliyeiongoza, Walter Williams, alikuwa mhariri wa gazeti, na siku ya kwanza ya masomo ndo siku hiyo hiyo wanafunzi walitoa gazeti lao la kwanza. Darasa na vitendo vilienda pamoja tangu mwanzo. Ndo maana ukinilipia ada ukaninyima kinasa sauti umenisomesha nusu.

Ajira sitawadanganya. Magazeti mengi yamepunguza watu, vijana wenyewe wanalijua hilo na tumeongea nao wazi. Lakini kozi ina mguu wa pili ambao ni mawasiliano, na hospitali, shule, mashirika na ofisi za umma zote zinahitaji mtu wa kueleza mambo watu wakaelewa, kuna redio za jamii, kuna podikasti. Na anayetaka kuendelea na shahada anaweza kuhamisha krediti zake akaingia katikati badala ya kuanza upya, ila krediti hazihami zenyewe, kila chuo kina masharti yake, kwa hiyo tumewaambia wanne wote wapate majibu kwa maandishi kutoka vyuo wanavyovitaka kabla hawajachagua masomo ya muhula ujao. Mzazi mwenye mtoto anayefikiria kozi hii naye aanzie hapo, na ahakikishe chuo kimesajiliwa na kinatambulika, kabla ya kulipa hata senti.

Hela itasimamiwa hivi. Ada inaenda moja kwa moja akaunti ya chuo, haipiti mkononi kwa mwanafunzi wala kwa mwanakamati. Ya fildi inatolewa kidogo kidogo kila wiki na mwanafunzi anaandika ilivyotumika. Vifaa vinanunuliwa na watu wawili wa kamati pamoja, na risiti zinapigwa picha zinawekwa kwenye grupu siku hiyo hiyo. Tukipungukiwa, ada ndo ya kwanza, fildi ya pili, vifaa vinasubiri. Zikizidi, zinakaa kwa wanaokuja nyuma yao. Mwisho wa kila muhula mtapata ripoti ya mapato na matumizi pamoja na matokeo, hata kama matokeo ni mabaya.

Kuna jambo moja nataka lieleweke kabla hujatuma. Mchango huu haununui habari. Tumekuwa na mazungumzo na mtu mmoja mwenye uwezo aliyetaka kutoa kubwa kwa sharti kwamba vijana wakimaliza "watamkumbuka" kwenye habari zao, tukamshukuru tukakataa, na ilituuma kwa sababu ile hela ingemaliza nusu ya hii harambee. Lakini tutakuwa tumewalipia somo la maadili kwa hela inayoliua somo lenyewe. Siku mmoja wao akiandika kuhusu matumizi ya kikundi hiki hiki, aandike, na sisi tutajibu maswali yake kama wengine. Wanachodaiwa ni kitu kimoja tu: kila likizo wawafundishe wadogo zao hapa kutambua habari za uongo na kuhoji watu kwa heshima, na binti wa stori ya maji ameshaanza.

Usiyekuwa na hela usijione uko nje. Una laptopu nzuri umeiweka kabatini, tuambie. Una chumba karibu na kituo cha redio ambacho kijana anaweza kulala wiki za fildi, hiyo ni nusu ya gharama yake tayari. Unafanya kazi chumba cha habari au umestaafu, mpe mmoja wao saa moja kwa wiki umsomee kazi yake na umwambie ukweli. Na wakija kukuhoji, wape muda, jibu swali, usiwafukuze kwa sababu ni wanafunzi.

Anayechanga kwa mkupuo sawa, anayetaka kugawa mwezi kwa mwezi mpaka mihula 2 iliyobaki iishe pia sawa, hiyo ya pili kwa kweli inatusaidia zaidi kupanga. Kiasi chochote kinapokelewa na majina hayatabandikwa kwa kufuata ukubwa wa hela. Tuma kwa mweka hazina wetu kwa namba ile ile ya kikundi mliyonayo, siyo namba nyingine yoyote hata ikitumwa kwa jina langu, andika "mwaka wa pili" kwenye maelezo ili isichanganyike na michango ya kawaida, na usipopata risiti ndani ya siku 3 nipigie mimi mwenyewe.