Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Jumba na Bustani Yake

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ninawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu ukuta mmoja wa jumba letu la makumbusho, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa ukuta huo ndio uliotuchukulia muda na nguvu zaidi ya kazi nyingine yoyote.

Mtakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita wengi wenu mlilalamikia rangi iliyokuwa ikibambuka katika chumba cha kulia, upande unaoelekea bustanini. Tulidhani paa linavuja, lakini lilipokaguliwa lilikutwa zima. Fundi mwashi alipobandua lipu ndipo ilipoonekana kwamba ukuta huo, ambao wajenzi wa kwanza waliujenga kwa mawe na chokaa, ulikuwa umepakwa saruji katika matengenezo ya zamani, kabla familia iliyolimiliki haijalikabidhi jumba kuwa makumbusho. Lipu ya chokaa hupitisha unyevu, hivyo maji yanayopanda kutoka ardhini hutoka taratibu na kukaukia nje, ilhali saruji huyazuia. Yakikosa njia, maji hukimbilia upande wa ndani yakiwa yamebeba chumvi, na chumvi hiyo inapoganda kuwa fuwele ndani ya vitundu vya jiwe hulimomonyoa jiwe lenyewe hadi kuwa unga. Siwalaumu waliofanya kazi ile, maana wakati huo saruji ilidhaniwa kuwa dawa ya kila ufa.

Saruji yote ya ukuta huo imeondolewa, ukuta ukaachwa ukauke, kisha ukapakwa chokaa kwa matabaka membamba, kila tabaka likisubiri lililo chini yake likomae. Chokaa haiwi ngumu kwa kukauka tu, bali kwa kufyonza hewa ya ukaa polepole na kurudi katika hali ya jiwe, na hakuna namna ya kuiharakisha isiyoidhoofisha. Ndiyo sababu chumba kilifungwa kwa muda mrefu kuliko tulivyowatangazia wageni. Uamuzi wa kusubiri ulikuwa wangu, na waliosumbuka nawaomba radhi.

Hata hivyo, chokaa peke yake isingetosha, kwa sababu maji yenyewe yalikuwa yakitoka bustanini. Kwa miaka mingi mbolea na udongo viliongezwa katika kitanda cha maua kilicho chini ya madirisha, mpaka ardhi ikapanda juu ya msingi wa nyumba na kuufukia mfereji wa mawe uliokuwa ukiyaondoa maji ya mvua. Kukiondoa kitanda hicho kuliwauma sana wenzetu wa kamati ya bustani, ambao wamekipalilia kwa mikono yao wenyewe, na mjadala haukuwa mwepesi. Mkataba wa Florence wa mwaka 1981, ambao ni mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi bustani za kale, unaihesabu bustani ya kihistoria kuwa kumbukumbu iliyo hai, yenye haki ya kuhifadhiwa kama jengo lenyewe, na wapo waliouliza, kwa haki kabisa, kwa nini maua yaupishe ukuta. Picha za familia ndizo zilizoamua: zinaonyesha njia ya kokoto mahali hapo, wala hakuna ua hata moja. Njia hiyo imerudishwa na mfereji umefukuliwa. Pale ambapo picha hazionyeshi kitu tumeacha majani mafupi, kwa kufuata kanuni ya Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, kwamba ukarabati unapaswa kukoma pale makisio yanapoanza.

Ndani ya nyumba, wageni wamelalamikia giza katika vyumba vya kulala. Madhara ya mwanga kwenye vitambaa hujumlishwa siku hadi siku na hayarekebishiki, na wahifadhi wengi hupendekeza mwanga usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwangaza) kwa nguo na vitambaa vya kale. Mfarishi wa kitanda cha watoto, ulioshonwa kwa mkono, umekwisha kupauka upande wa dirishani, na kila ninapoupita moyo huniuma. Mapazia yatabaki yamefungwa. Orodha ya vyombo na samani imekamilika kwa ghorofa ya chini, na hesabu za fedha zitawasilishwa na mweka hazina.

Baadhi yenu mmeniuliza kama chama cha watu wanaojitolea kinaweza kuubeba mzigo wa namna hii. Nchini Marekani, Ann Pamela Cunningham alianzisha mwaka 1853 chama cha wanawake kwa ajili ya kuliokoa Mount Vernon, jumba la George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo, lililokuwa likichakaa. Mwaka 1858 walikubaliana na familia bei ya dola 200,000, na chama hicho ndicho kinacholimiliki jumba hilo hadi leo.

Limebaki jambo moja la kupigiwa kura. Tumepokea maombi ya kufanyia harusi bustanini. Mapato yangetusaidia, lakini vigingi vya mahema vingechoma mizizi ya miti mikongwe na kuutoboa mfereji tuliokwisha kuufukua. Kamati inapendekeza shughuli hizo ziruhusiwe katika uwanja wa kokoto wa mbele pekee, bila mahema. Kuhusu upande wa kaskazini wa bustani, ambao hatuna picha yake hata moja, tunamwomba kila mwanachama mwenye picha ya zamani aikabidhi kwa katibu ili inakiliwe kabla hatujagusa udongo.