Subaru ikifunguliwa spea, ziuzwe kwa seti na kwa maandishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa Kigoma, Ujiji na Kasulu tunaonunua Subaru Impreza WRX zilizopata ajali, tukazifungua na kuuza spea. Wateja wapo, ila namna tunavyofungua inaua mali. Wa kwanza anataka tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini), anauziwa. Wa pili anataka kontroli boksi (kompyuta ya injini), fundi anakata waya kwa koleo. Inabaki injini isiyo na tabo wala waya, na hiyo hatimaye inapimwa kwa kilo ya chuma chakavu.

Injini ipimwe kompresheni (mgandamizo wa silinda) kabla haijashushwa, maana ikishakuwa chini hakuna betri wala stata ya kuizungusha. Kama inawaka, ipashe moto. Toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na fyuzi ya pampu ya petroli, mtu akanyage mafuta hadi mwisho, kisha piga stata huku geji ikihamishwa silinda hadi silinda. Andika namba zote nne na mpe mteja. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, sema wazi, bei ishuke. Ule mtindo wa kumimina oili kidogo kwenye silinda ili kujua kama ni ringi au valvu, hapa unadanganya: pistoni za Subaru zimelala, oili inatuama upande mmoja tu. Na kama mkanda wa taimingi ulikatika, usiguse stata. Valvu za injini ya EJ20 ya kamshafti nne hugonga pistoni na kupinda.

Kwenye tabo, shika shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo kulia na kushoto si kitu; ikicheza kwenda mbele na nyuma, yaani kuingia na kutoka, beringi imekwisha. Tabo iliyokufa humwaga vipande vya chuma na oili kwenye mabomba na intakula (kipoza hewa ya tabo), kwa hiyo intakula ya gari hilo isiuzwe bila kuoshwa. Mteja naye aambiwe asafishe bomba la oili linaloingia kwenye tabo, pamoja na kichujio kidogo kilichomo ndani ya boliti yake kwa injini zilizo nacho. Kikiziba, tabo mpya inakosa oili na kufa kama ya kwanza, halafu lawama zinakuja kwako. Matundu yote yafunikwe kwa plastiki na gundi ya karatasi. Kitambaa huacha nyuzi.

Hasara kubwa zaidi naiona kwenye giaboksi. Subaru inavuta magurudumu manne, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ya mbele imo ndani ya giaboksi, na difu ya nyuma lazima ilingane nayo. Giaboksi ya uwiano wa difu wa 4.444 ikifungwa na difu ya nyuma ya 4.111, mbele na nyuma vinavutana kila mzunguko. Gari linakuwa zito kwenye kona, kisha difu ya kati inaungua, au sahani za klachi kama ni otomatiki. Kwa hiyo giaboksi na difu ya nyuma viuzwe pamoja, na msimbo uandikwe: TY ni ya manyuo, TZ ni otomatiki. Msimbo huo umo pia kwenye kibati cha modeli ndani ya boneti, kipige picha kabla bodi haijaondoka.

Wayaringi ya injini itolewe nzima kwa kuchomoa soketi, iende na kontroli boksi. Gari likiwa na imobilaiza (kizuia wizi), ongeza ufunguo wake na kiboksi chake. Rimu: WRX ni boliti 5 kwa 100 (boliti tano kwenye duara la milimita 100), ila STI, yaani WRX ya nguvu zaidi, kuanzia modeli ya 2005 ni 5 kwa 114.3. Haziingiliani.

Mifuko ya hewa na mikanda ya viti iliyojifunga kwenye ajali isiuzwe kwa bei yoyote.

Wapo wanaovusha taa kwenda Burundi na Kongo. Huko wanaendesha upande wa kulia, na taa ya Kijapani ikiwa kwenye mwanga wa chini hutupa mwanga kushoto, machoni pa anayekuja. Mteja aambiwe kabla ya kulipa. Injini na giaboksi zimwagwe oili zote kabla ya kupelekwa stendi au stesheni. Kondakta hana kosa akikataa mzigo unaovuja.

Mwisho ni karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chesesi na ya injini, kwa hiyo anayenunua injini apewe hati ya mauziano yenye namba hiyo na nakala ya kadi, aende nayo TRA (Mamlaka ya Mapato) kubadilisha taarifa. Kadi halisi isiuzwe pamoja na bodi tupu. Anayeng'ang'ania vyote viwili, hasa kipande chenye namba ya chesesi, mara nyingi ana gari la wizi analotafutia jina.

Fundi na muuza spea,
Mwanga, Kigoma