Majina ya babu zetu pale Sanamu ya Askari

Mhariri, salamu sana na pole kwa kazi. Nakuandikia toka Boston huku Marekani, ila jambo lenyewe ni la hapo Dar, naomba unipe nafasi.

Mwezi wa pili huku ni mwezi wa historia ya watu weusi, basi Jumamosi moja mimi na mke wangu tukawavalisha watoto makoti na glavu tukapanda treni hadi Park Street, baridi kali, theluji imeganda njiani, kwenda kuona ile sanamu ya mikono ya Martin Luther King na mkewe Coretta. Ipo pale Boston Common toka 2023, shaba ya mita 6 hivi kwenda juu, imetokana na picha waliyopigwa wamekumbatiana King aliposhinda Nobel mwaka 1964, na wawili hao walikutana hapahapa Boston mwaka 1952 wakiwa wanafunzi. Unaingia kabisa katikati ya ile mikono. Kitinda mimba wangu alivua glavu ili aishike, tukamwacha.

Lakini kilichonifanya niandike ni sanamu ya pili. Unapandisha kidogo tu, mkabala na jengo la bunge la jimbo, kuna ukuta wa shaba wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi walioingia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mwaka 1863, wamechongwa wanatembea bunduki mabegani na kamanda wao mzungu Robert Gould Shaw yuko juu ya farasi. Fundi wake, Saint-Gaudens, alihangaika nayo miaka 14 hivi, aliwaita wanaume weusi wakae mbele yake akafinyanga nyuso zao, ndo maana kila mmoja ana sura yake, kuna mzee wa ndevu na kuna kijana hata ndevu hana. Watu hawa walipangiwa mshahara pungufu kuliko wazungu wakaukataa wote zaidi ya mwaka mzima, huku vitani wanaenda na wanakufa. Mtoto wangu mkubwa akauliza, baba, hawa wanaitwa nani? Tukazunguka nyuma. Sanamu ilipozinduliwa 1897 yaliandikwa majina ya maafisa wazungu waliokufa, ya askari weusi waliouawa kwenye ngome ya Fort Wagner yakaja kuchongwa 1982, yaani miaka 85 baadaye. Mtoto akaanza kuyasoma kwa sauti, moja moja, mvuke unamtoka mdomoni, na mimi pale nikamkumbuka babu yake baba yangu.

Mzee yule alichukuliwa upagazi vita ya kwanza, Waingereza na Wajerumani wakipigana kwenye ardhi yetu, na hakurudi. Kaburi hatulijui.

Sasa mhariri, Sanamu ya Askari pale katikati ya mji wote tumeipita, mtu anashuka Posta anakatiza zake. Iliwekwa 1927. Hebu simama usome, Kiswahili chake kipo, inawataja wapagazi kuwa ndo walikuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu inaahidi ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Jina hakuna hata moja! Kariakoo penyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, jina la kikosi tunalitaja kila siku ila watu wake hatuwajui. Na mwaka 2021 tume ya kutunza makaburi ya vita kule Uingereza ilikiri yenyewe kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina.

Naomba jiji lifikirie ukuta wa majina pembeni ya ile sanamu, na gazeti lako lianze kwa kutoa nafasi kila wiki wasomaji walete majina ya mababu waliochukuliwa, kijiji, na lolote linalokumbukwa nyumbani. Wazee waliosimuliwa na wazazi wao bado wapo lakini ni wachache na wanaondoka. Mimi la kwangu ninalo, ndilo tulilompa huyu kitinda mimba aliyevua glavu.

Msomaji wako, Boston