Unakarabati bafu mwenyewe? Usianze na vigae

Mteja akitupigia simu kuhusu bafu, kitu cha kwanza kukitaja ni vigae: rangi, ukubwa, vinavyong'aa au visivyong'aa. Tunamwelewa, maana ndivyo vitakavyoonekana kila siku. Lakini mabafu mengi tunayoitwa kuyabomoa yana vigae vizima kabisa. Kilichoharibika kiko nyuma yake. Rangi ya chumba cha jirani inabanduka, fremu ya mlango inaoza kuanzia chini, dari ya ghorofa ya chini imejaa madoa, na mwenye nyumba haelewi maji yametoka wapi.

Yametoka kwenye viungio. Kigae kizuri hakinyonyi maji, ila saruji inayojazwa kati ya kigae na kigae hunyonya, na kila mtu anapooga, unyevu kidogo hupenya. Ukikuta plasta tupu kwa ndani, hujikalia humo. Kinachozuia maji ni dawa inayopakwa kabla ya vigae. Hapo ndipo pa kuweka muda na pesa zako, hata kama itabidi uchague vigae vya bei ndogo.

Mtu mwenye subira anaweza kufanya mwenyewe sehemu kubwa ya kazi hii: kubomoa, kupaka dawa, kubandika vigae, hata kufunga sinki la kunawia. Umeme mwachie fundi mwenye leseni, na umwombe aweke swichi ya usalama ya miliampia 30, inayokata umeme mara tu unapovuja. Choo nacho, ukiweza, kiache palepale kilipo. Bomba lake huwa na kipenyo cha takriban milimita 100 na lazima liwe na mteremko, kwa hiyo kukisogeza hata mita moja kunaweza kukulazimu kuchimba sakafu au kuinyanyua.

Kabla ya kubomoa, funga koki kuu na ufungue mabomba yote maji yaliyobaki yaishe. Ziba tundu la choo na la sakafu kwa matambara, vifusi visiingie na hewa chafu isipande. Vaa miwani, glavu na barakoa. Kama nyumba ni ya zamani na unahisi mabamba ya ukuta au ya dari yana asbesto, usiyavunje wala kuyakata. Vumbi lake huleta saratani. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vifaa vyake.

Ukishalaza mabomba mapya, ziba ncha zote, fungulia maji, kisha kagua kila kiungio kabla ya kupiga plasta. Piga picha za kuta huku futi kamba ikionekana. Siku utakapotaka kutoboa tundu la kioo, picha hizo zitakuokoa.

Halafu sakafu. Maji yanahitaji mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kutoka pande zote kuelekea kwenye tundu. Pima kwa pimamaji, usiamini macho. Na hapa tuna ushauri ambao wateja wengi hawaupendi: eneo la shawa liwe na vigae vidogo. Kigae kikubwa hakipindi, na sakafu inayoteremka kutoka pande nne itakulazimisha kukikatakata. Vidogo hufuata mteremko bila shida, na viungio vyake vingi huzuia mguu kuteleza.

Sasa dawa ya kuzuia maji. Sakafu iwe safi na kavu. Anza na pembe zote, pale ukuta unapokutana na sakafu, na kuzunguka tundu; bandika utepe wa wavu huku ukipaka, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Paka mkono wa kwanza, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha paka wa pili ukikatisha mwelekeo wa ule wa kwanza. Ukutani panda walau sentimita 15, na kwenye shawa panda mpaka juu ya kichwa cha shawa. Dawa ikishakauka kabisa, ziba tundu, jenga kizuizi kidogo mlangoni na umwage maji ya kina cha sentimita kadhaa. Weka alama ya penseli yalipofika. Yaache saa 24, kisha angalia alama, angalia na upande wa chini. Tunawasihi wateja wetu wasiruke jaribio hili. Uvujaji ukionekana leo unatibiwa kwa brashi. Ukionekana baada ya vigae, unatibiwa kwa nyundo.

Vigae vyenyewe nunua vya ziada, kama asilimia 10, na uhakikishe namba ya toleo kwenye maboksi ni moja, la sivyo rangi zitatofautiana. Gundi itandazwe yote kwa mwiko wenye meno. Usiweke mabonge matano nyuma ya kigae, kwa sababu uwazi unaobaki hukusanya maji na kigae hupasuka kikikanyagwa. Mara mojamoja bandua kimoja uone kama gundi imeenea. Kwenye pembe tumia silikoni badala ya saruji ya viungio, kwa kuwa ukuta na sakafu havisogei pamoja, na saruji hukatika.

Kwa anayefanya kazi mwenyewe, tuna huduma ya ukaguzi wa mara mbili: kabla hujafunika mabomba, na siku ya jaribio la maji. Unapotupigia, tuambie urefu na upana wa bafu, kama sakafu ni ya zege au mbao, na kilichopo chini yake. Ukiwa na picha, tutumie. Ila tupigie wakati kuta bado ziko wazi.